Nzi Pasipo Mianzi

Chupa iliyoachwa mlangoni kwa Naima ilikuwa imejazwa udongo mpaka shingoni.

Inspekta Tumpe aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Udongo mwekundu, mbichi, umeshindiliwa kwa kijiti usibaki hata upenyo. Chupa yenyewe ilikuwa ya maji ya kunywa, ya plastiki, imetobolewa matundu ubavuni kwa msumari wa moto, na shingoni imefungwa utepe wa rangi ya machungwa. Mtego wa nzi. Naima alikuwa ametengeneza mingi ya namna hiyo kwa mikono yake.

"Huu niliutundika kule juu kwenye mipaina," alisema. "Wiki hizi mitego yangu ya huko inakatwa na mtu nisiyemjua, na leo nafungua mlango nipige mswaki, naukuta huu umesimama hapa. Mtu kaubeba kutoka porini mpaka mlangoni kwangu, dada Tumpe, na mimi nimelala ndani."

Naima alikuwa binti wa Shamsudin, muuza vitambaa wa Mbeya mjini, na kazi yake ilikuwa kusoma wadudu. Tangu mvua zilipoanza alikuwa amehamia Ilutila, kijiji cha juu kabisa kwenye baridi ya Iringa, amepanga chumba kimoja chenye kitanda, meza na hadubini. Tumpe alimjua tangu wizi uliofanyika dukani kwa baba yake, na ndiyo maana binti alipoingiwa na hofu hakupiga simu kituo cha karibu. Alimpigia Tumpe, Mbeya. Wakubwa wakaongea na wakubwa wenzao wa Iringa, ruhusa ikapatikana, akapewa na Koplo Liberatus wa kumsaidia. Ila koplo mwenyewe alikuwa bado Ipogolo, gari lake limefunguliwa injini kwa fundi. Tumpe alikuwa amepanda Ilutila kwa pikipiki ya kukodi, na matope yalikuwa hayajakauka kwenye suruali yake.

Alianza kama anavyoanza siku zote, kwa vitu vidogo. Nani anakijua chumba hiki? Kijiji kizima. Umegombana na mtu? Hapana. Mwanamume? Naima alicheka kidogo, akasema wanaume wa huku wanamwona kichaa, mtu mzima anayekimbiza nzi.

"Basi nieleze hao nzi," Tumpe alisema. "Nieleze kama unavyomweleza hakimu."

Ni nzi mdogo kuliko punje ya mtama, mwenye macho mekundu, na kwenye bawa ana doa kama tone la chai. Hakuna kitabu kilichomwandika. Naima alikuwa amewatumia wataalamu wa nje baadhi yao ndani ya spiriti, wote wakajibu hawajawahi kumwona. Jina la kitaalamu hajampa bado. Kwa sasa anamwita Mlevi, kwa sababu makao yake ni kwenye ulanzi. Wagema wa huko bondeni wanakata ncha ya mwanzi mchanga msimu wa mvua, wanafungia hapo kipande cha mwanzi chenye tundu kinachoitwa mbeta, utomvu unadondoka humo na kuchacha kuwa ulanzi. Nzi anataga humo humo. Nzi mkubwa huweza kuja kunusa ndizi kwenye mtego, lakini funza wake hawakui kwenye ndizi wala papai wala pombe ya mahindi. Amewajaribu kote, wanakufa. Na haruki mbali. Ukivuka kijito tu ukatoka kwenye mianzi, humwoni.

Kisha Naima akamwaga vizibo vya soda mezani akaanza kuvipanga. Huku chini bondeni, mianzi, vizibo vingi vimesongamana. Huku juu mlimani, shamba kubwa la mipaina ya mbao. Huko juu aliweka vizibo vichache, kila kimoja mbali na mwenzake.

"Hapa juu hakuna mwanzi hata mmoja. Baridi haiuruhusu. Lakini Mlevi nimempata hapa, na hapa, na hapa, na huku. Katikati patupu kabisa. Nilifurahi mpaka nikashindwa kulala. Nilidhani amejifunza kula utomvu wa mipaina."

"Na mitego iliyokatwa ni ipi?"

Naima aligusa vile vizibo vya juu, kimoja kimoja, vyote.

"Mitego mitupu haikuguswa?"

"Hata mmoja."

Tumpe aliviinamia vizibo. Anayekata mitego hii, alimwambia, anajua nzi wako wapi. Na hana hadubini. Kwa hiyo mtu huyo hakuanza na nzi. Alianza na mahali penyewe.

Nje gari lilinguruma, likazimwa. Aliyeshuka alikuwa Zabron, msimamizi wa shamba la mipaina, mtu wa tumbo na kicheko, amevaa koti la mvua la kijani. Habari za polisi zilikuwa zimeshamfikia kabla Tumpe hajamaliza hata chai.

"Mama Nzi, nasikia umetuletea serikali," alimwambia Naima, akampa Tumpe mkono wa moto.

Alikuwa na maelezo tayari. Hao ni wapika gongo, alisema. Wamejificha kwenye mipaina, mwaka jana mwenyewe alichoma mapipa yao. Siku hizi wakiona kitu kinaning'inia mtini wanadhani ni kamera, wanakata. Na udongo ni vitisho vya walevi tu. Kama Afande anataka kupaona, yeye ana gari la kupanda matope, awapeleke sasa hivi. Nyuma ya kiti cha gari lake kulikuwa na bunduki ya shamba. Aliona Tumpe ameiangalia, akasema ni ya nguruwe.

Maelezo yalikuwa mazuri. Tumpe alikubali, akaomba tu amalize kifungua kinywa, akaenda zake kilabuni.

Kilabu cha Ilutila kilikuwa banda la mabanzi, na mwenye nacho alikuwa Esnath, mwanamke mnene mwenye kitenge kichwani na ulimi usiolala. Tumpe alisalimia kamwene, akaitikiwa kamwene, akaagiza ulanzi mtamu, ule ambao haujakolea, akaanza kuuliza habari za gongo huko mlimani.

"Gongo?" Esnath alisema. "Afande, gongo inapikwa hapa hapa nyuma ya ofisi ya mtendaji. Nani apande mlima kufuata baridi?"

Watu waliokuwa kwenye mabenchi wakacheka. Tumpe naye akacheka, kisha akauliza kama kuna anayepeleka ulanzi juu kwenye mipaina. Hakuna, aliambiwa. Wakata mbao wanashuka wenyewe kunywa. Basi hakuna kabisa? Esnath akafikiri. Yupo mzee Saulo, mlinzi wa mnara wa moto. Huyo anakuja kila Jumamosi, anachukua mbeta nzima nzima, hataki dumu, anapanda nazo begani. Na cha ajabu mzee Saulo ameokoka, ni mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, hajaonja kilevi tangu watoto wake wakiwa wadogo.

"Sasa anampa nani?"

"Labda anainywesha mipaina."

Safari hii hawakucheka wengi. Tumpe aliuliza kama wanawake wanaokota kuni upande ule, maana matawi yaliyopogolewa ni ya bure. Esnath alisema zamani waliokota. Siku hizi hapana. Alipoulizwa kwa nini, alianza kuosha vikombe ambavyo alikwisha kuviosha.

Maneno ya kilabuni yalimtia Tumpe shaka juu ya gongo, lakini shaka haina magurudumu. Alimpigia Koplo Liberatus, akaambiwa fundi anarudishia injini. Kwa hiyo walipanda na Zabron.

Mipaina, kama hujawahi kuingia ndani yake, si msitu kama misitu mingine. Hakuna ndege. Chini hakuna majani, ni sindano kavu tu zimelaliana kama godoro, unakanyaga na hujisikii. Miti imepandwa kwa kamba, mstari kwa mstari, ukiangalia mbele unaona njia, ukiangalia kando unaona njia, na zote zinafanana. Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi mabegani. Zabron alisimamisha gari barabarani, akasema magoti yake hayapendi mlima, wao waende taratibu, yeye yupo. Walipogeuka alikuwa amewasha sigara, na anawatazama.

Naima aliongoza kwa kifaa chake cha kuonyesha njia. Kwenye mti wa kwanza kamba ya mtego ilikuwa bado inaning'inia, imekatwa kwa kisu kikali. Tumpe alizunguka pale akitafuta dalili za wapika gongo. Hakuna jivu. Hakuna kuni zilizoungua, hakuna pipa, hakuna harufu ya machicha. Na jambo kubwa, hakuna maji. Gongo haipikwi bila maji mengi ya kupoza, na hapa walikuwa mgongoni mwa mlima. Aliuliza sehemu nyingine zikoje. Naima akasema zote ziko hivi, juu, pakavu, mbali na vijito.

"Basi gongo tumeshaizika," Tumpe alisema. Baadaye alitamani asingelitumia neno hilo.

Mahali pa pili palikuwa na pengo kwenye mstari, mti mmoja ulikufa ukang'olewa. Tumpe alipokanyaga pale aliona mguu umezama zaidi kidogo. Alichuchumaa. Sindano zilikuwa nyingi kama kwingine, lakini kwingine zimelala kwa tabaka, za juu kahawia na za chini nyeusi zilizooza. Hapa zilichanganyika. Mtu aliziondoa, akazirudisha. Mwishoni mwa pengo kulikuwa na jiwe bapa. Alilisogeza kwa kalamu yake.

Chini ya jiwe kulikuwa na mdomo wa mbeta, umesimikwa ardhini wima, umelingana na udongo. Harufu chachu ikapanda, na pamoja nayo nzi wadogo, wengi, wakaruka usoni mwake.

Naima alipiga magoti na chupa yake ya kukusanyia. Kwa muda alisahau hofu. Alichokonoa ndani, akatoa ulanzi mzito, akaonyesha funza, na maganda waliyotokea wakubwa, yamegandia ubavuni mwa mwanzi. Akasema hawa hawakuruka kuja hapa, dada. Wamezaliwa humu. Mtu amewaleta wakiwa mayai, ndani ya ulanzi, na anauongeza kila ukipungua, ndiyo maana hawamaliziki.

Tumpe hakuwa anasikiliza vizuri. Alikuwa anaangalia lile pengo, upana wake na urefu wake, kutoka kwenye jiwe mpaka miguuni mwa Naima. Yeye ni Mnyakyusa wa Rungwe. Alikua akimwona babu yake hanywi kabla ya kumwaga kidogo chini. Kinywaji kinachomwagwa chini kina mwenyewe huko chini.

"Naima," alisema polepole. "Simama. Toka hapo ulipopiga magoti. Pita pembeni, usikanyage katikati."

Naima alisimama. Alimtazama Tumpe, akatazama chini, akapita pembeni.

Huko Mbeya, kabla ya mvua, walikuwa wamekamata lori la magunia lenye watu ndani, vijana kutoka mbali kaskazini, wanapelekwa kusini kwa siri. Kupitia mkalimani walisema wenzao walizidiwa humo ndani kwa kukosa hewa, wakateremshwa njiani, mahali pa baridi penye miti iliyojipanga kama gwaride. Dereva alisema wanaota. Hakuna aliyejua pa kuanzia kutafuta, maana kutoka Ipogolo mpaka Makambako miti ya kujipanga haihesabiki, na jambo lile likaishia kwenye faili. Tumpe alimweleza Naima hivyo kwa maneno machache. Ramani yake ya nzi haikuwa ramani ya nzi.

Makaburi hayafukuliwi kwa mikono, yanataka amri ya mahakama na daktari. Kazi sasa ilikuwa kupiga simu. Simu haikuwa na mtandao. Naima alisema unapatikana juu kwenye mnara wa moto, kwa mzee Saulo, na ni karibu kuliko kurudi barabarani. Walikaza mwendo. Hawakufika mbali. Nyuma ya rundo la matawi yaliyopogolewa Tumpe aliona udongo mwekundu, wa rangi ile ile ya kwenye chupa. Alivuta tawi moja.

Shimo. Jipya, kuta zimenyooka, na mvua ilikuwa bado haijatuamisha maji ndani. Halikuwa na kitu. Lilikuwa fupi, fupi kuliko lile pengo.

Tumpe alirudisha tawi, akamshika Naima mkono, wakapanda.

Mnara ulikuwa wa nguzo za miti, na chini yake kibanda cha mabati. Mzee Saulo alikuwa amekaa kizingitini ananoa panga. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti la suti lililochakaa juu ya sweta. Alipowaona hakushangaa. Aliangalia nyuma yao kama kuna mwingine, kisha akaweka panga chini na kuitikia shikamoo zao.

"Umefuata nini tena huku, mwanangu?" alimwambia Naima. "Chupa hukuiona?"

Hivyo ndivyo walivyojua nani aliiweka.

Tumpe alisimama mbele yake, akajitaja jina na cheo, akamwambia wameona mbeta, wameona na shimo. Hakumtisha. Aliuliza tu ni akina nani waliolala mle. Mzee alijibu kwa muda mrefu, huku anaangalia mikono yake, na kwa ufupi alisema hivi. Majina hajui. Wanaletwa na gari la shamba, wamefungwa turubai, wamekufa lorini. Yeye anachimba. Mara ya kwanza aliambiwa ni majambazi waliouawa na wananchi. Mara ya pili aliona ni watoto, ndevu hawana, akakataa, akaambiwa aliyechimba la kwanza ameshakuwa mwuaji, aende akaseme polisi aone. Mmoja wao alikuwa bado na joto. Hapo mzee alifuta mikono kwenye koti lake, na Tumpe akabadilisha swali.

"Na ulanzi?"

"Mgeni akifika kwako unampa kinywaji," Saulo alisema. "Hata kama wewe hunywi. Hawa wamefika hakuna aliyewapokea, hakuna aliyewalilia. Nikasema basi angalau wapewe."

Naima alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Babu, wengine huenda walikuwa Waislamu kama mimi. Huenda hawakuwa wananywa."

Mzee alimtazama. "Basi nimewakosea tena," alisema.

Mitego aliikata yeye, kwa sababu bosi alianza kuuliza huyo binti anatafuta nini pale pale kila wiki. Alidhani mitego ikikosekana binti atachoka aende kwao. Hakuenda. Tumpe akauliza lile shimo tupu ni la nani.

"Aliniambia nichimbe juzi. Nikauliza lori limekuja? Akasema halijaja. Nikauliza sasa la nani. Akasema wewe chimba, na usijichoshe, mwenyewe si mrefu."

Naima alikuwa anamfikia Tumpe begani. Alikaa chini palepale kwenye matope.

Tumpe aliuliza jina, ingawa alikuwa ameshalijua. Saulo alilitaja. Ni Zabron, aliyekuwa anawasubiri barabarani.

Simu ilionyesha mtandao kidogo. Aliandika ujumbe kwa Koplo Liberatus, mfupi, wa kila kitu, ukagoma, akaurudia, ukaenda. Jibu lilirudi kwamba gari limewaka na anatoka Ipogolo. Kutoka Ipogolo mpaka hapa, kwa barabara ile na matope yale, ni safari ya nusu siku. Tumpe alikuwa anafikiria njia ya kushuka upande wa pili wa mlima pale redio ya upepo ilipokoroma ndani ya kibanda. Sauti ilikuwa ya Zabron, na haikuwa na kicheko.

"Mzee Saulo. Wageni wako wamefika huko?"

Tumpe alitikisa kichwa. Mzee alichukua redio kwa mikono miwili.

"Hawajafika, bosi."

"Watakuwa wamepotea. Napanda na wale utingo wa lori, wameshafika. Shuka unisubiri pale kwenye jipya. Njoo na chepe."

Redio ikanyamaza, na mvua ikaanza kugonga mabati. Tumpe alitoa bastola, akaitazama, akairudisha. Bastola moja dhidi ya bunduki na watu asiojua idadi yao, kwenye ukungu, na binti wa kumlinda. Huko upande wa pili wa mlima, Saulo alisema, ni mipaina tu mpaka kesho.

Kwenye nguzo ya mnara kulikuwa na kipande cha reli kimening'inizwa kwa mnyororo, na nyundo pembeni. Tumpe aliuliza kile ni cha nini. Cha moto, mzee alisema. Kila mtu huku ana kishamba chake cha mipaina, ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba. Likigongwa hili kijiji kizima kinapanda. Harusi inasimama. Hata ibada ya Pasaka iliwahi kusimama.

"Ligonge."

"Mvua yote hii, mwanangu? Nani ataamini kuna moto?"

"Watakuja kukutukana. Waje tu."

Mzee hakuinuka. Alisema wakija watauliza. Tumpe akamwambia ndiyo, watauliza, na yeye ndiye atakayewajibu, na baada ya hapo atakwenda naye Iringa mjini, hawezi kumwahidi vinginevyo. Ukungu ulikuwa umeanza kuleta sauti, tawi linavunjika huko chini, mtu anakohoa. Naima alikuwa ameshaisikia. Aliinuka matopeni, akaenda kwenye nguzo, akashika nyundo kwa mikono miwili, akashindwa kuiinua juu. Saulo alimwangalia. Akasimama, akaichukua mkononi mwake taratibu, kama mtu anayempokea mtoto mzigo, akapiga.

Chuma kililia. Alipiga tena na tena, mpaka kikamjibu kingine huko Ilutila, na kingine mbali zaidi ng'ambo ya bonde.

Zabron alitokea kwanza. Bunduki ilikuwa mkononi, na nyuma yake vijana wawili wenye makoti. Alisimama alipoona bastola ya Tumpe imemwelekea kifuani kutoka nyuma ya nguzo. Kisha, polepole, kicheko chake kikarudi. Alisema Afande ameponea chupuchupu kupotea, na huyu mzee ameshaanza kurukwa na akili, anagonga kengele ya moto wakati mvua inanyesha. Alimwamuru aache. Saulo hakuacha. Zabron alihamisha bunduki kutoka mkono huu kwenda huu, akatazama ukungu nyuma yake, akamtazama Tumpe, kama mtu anayepiga hesabu. Tumpe alimwambia aiweke chini. Hakuiweka. Walisimama hivyo, na Tumpe alisikia jasho likishuka mgongoni kwenye baridi ile, na Naima nyuma yake akisoma dua kwa midomo tu.

Ndipo wakaanza kufika. Kwanza wanaume wenye matawi mabichi ya kupigia moto, wanahema. Kisha wenye majembe, na wanawake wenye ndoo. Esnath alikuja amejifunga kitenge kiunoni, ameloa chapachapa, anatukana kabla hajaona kitu.

"Moto uko wapi, wewe mzee? Nimeacha kilabu wazi, wataninywea vyote. Moto uko wapi?"

Zabron alijibu kabla ya mtu mwingine. Alisema hakuna moto, warudi majumbani, mzee anaumwa, shamba litawalipia usumbufu. Bunduki ilikuwa imeshashuka, inatazama chini. Watu hawakuondoka. Waliangalia bastola, wakaangalia bunduki, wakamwangalia Saulo, ambaye alikuwa bado ameshika nyundo.

"Hakuna moto," Saulo alisema. "Kuna watu wamelala humu kwenye mipaina. Wageni. Mashimo nimechimba mimi. Aliyewaleta ni huyo. Na la mwisho lilikuwa la huyu binti."

Mwanamume mmoja alilaza tawi lake chini kwa uangalifu, akabaki na jembe. Esnath alifungua kitenge kiunoni, akamfunika Naima mabegani, akasimama mbele yake.

Zabron aligeuka ashuke. Njia ilikuwa imejaa watu, na wengine walikuwa bado wanapanda.